Pindo la Inchi Tatu

Jumamosi, 3 Mei

Naandika upande wa nyuma wa daftari la vipimo. Mbele ni viuno na mabega ya watoto wa watu. Huku nyuma hakuna mteja anayefika.

Leo nilikuwa nafua sare za Avit. Suruali zake za shule nashona mwenyewe, na kila moja naiachia pindo la inchi tatu ili akirefuka niishushe. Mama yeyote mwenye akili hufanya hivyo. Pindo la mguu wa kulia lilikuwa zito kidogo, nikadhani ni matope. Nilipolibana kwa vidole nikasikia kama majani makavu. Nikafumua. Ndani mlikuwa na vikaratasi vinne vilivyosokotwa, na ndani ya vikaratasi bangi.

Nilimaliza kufua kwanza. Nikaanika barazani kwa sababu mvua ilikuwa bado inanyesha. Ndipo nikamwita baba yake.

Jumapili, 4 Mei

Rwekaza hakumpiga. Nilikuwa nimejiandaa kuamua ugomvi, nikakuta hakuna ugomvi. Alivaa shati la kanisani, akaketi, akamuuliza mwanawe swali moja tu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, baba."

"Basi na ibaki hivyo."

Tukaenda misa ya kwanza sote watatu. Rwekaza ni mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Nshambya, Bukoba mjini, na leo zamu ya kusoma somo ilikuwa yake. Hakukosea hata neno moja. Mchana alifukia vile vikaratasi chini ya mgomba nyuma ya nyumba.

Jumatatu, 5 Mei

Avit ameondoka na basi la asubuhi kwenda Nshamba kwa bibi yake, Ma Gaudiosa, mama mkwe wangu. "Kijijini hakuna mambo haya," alisema Rwekaza. "Kule ni jembe na rozari."

Shule tumeandika barua kwamba ana homa ya matumbo. Nimeiandika mimi kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Majirani tumewaambia kahawa zimeiva na bibi hana mtu wa kuchuma. Uongo huu wa pili una ukweli ndani yake, maana kahawa zimeiva kweli.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Nimeshona sketi sita.

Ijumaa, 9 Mei

Leo wanafunzi wamepekuliwa mstarini. Najibu wa Mwamvita amekutwa na bangi ndani ya pindo la suruali.

Suruali hiyo nilishona mimi. Mwamvita ni jirani yangu mwaka wa kumi na saba sasa. Watoto wetu wamepishana wiki tatu kuzaliwa, na sasa wote wako kidato cha tatu, darasa moja. Kila Januari nashona suruali za Avit na za Najibu kwa kitambaa kimoja, naye kila Idi ananiletea sinia la pilau. Hatujawahi kukaa chini tukapanga hivyo. Ilianza tu, ikawa desturi.

Kama Avit angekuwepo mstarini leo, wangekuwa wawili. Niliwaza hivyo na sikuhisi kitu. Nilikula chakula chote.

Jumatatu, 12 Mei

Najibu amesimamishwa. Walimu wanataka aseme nani anayeingiza bangi shuleni, naye hasemi. Kwao, asiyetaja mwenye duka ndiye mwenye duka. Anayevuta tu hupewa adhabu na kurudi darasani, lakini anayeleta hufukuzwa moja kwa moja. Bodi ya shule itakaa tarehe 11 Julai kuamua Najibu ni yupi kati ya hao.

Jumanne, 13 Mei

Mwamvita alikuja na suruali ndani ya mfuko wa plastiki.

Shule walifumua mguu mmoja, mwingine hawakuugusa. Aliuweka huo juu ya cherehani yangu, akaunyoosha kwa kiganja.

"Mama Avit, wewe ni fundi. Hebu nitazamie huu mshono. Mimi sindano naijua ya hospitali tu, na Najibu hajui hata kutia uzi tunduni. Pindo hili limefumuliwa, halafu likashonwa upya kwa mkono. Nani kashona?"

Nilivaa miwani. Sikuhitaji miwani. Mshono wa pindo hulala upande mmoja kufuata mkono wa mshonaji, na huu ulikuwa umelala upande wa pili. Ni mshono wa mtu wa mkono wa kushoto, mwenye subira, anayehesabu nyuzi mbili mbili kama nilivyomfundisha. Avit alipovunjika mguu akiwa darasa la tatu alikaa ndani miezi miwili, nikampa sindano ili asinichoshe. Mwalimu wake alikuwa amejaribu kumlazimisha aandike kwa mkono wa kulia. Mimi nilimwacha na wa kushoto.

"Sijui," nikamwambia. "Mshono wa mkono ni mshono tu. Anaweza kuwa mtu yeyote."

Mwamvita alinitazama, kisha akaikunja suruali taratibu, mguu juu ya mguu.

"Haya," akasema. "Ukikumbuka lolote, niko nyumbani."

Jumamosi, 17 Mei

Jumuiya ilisali kwetu. Baada ya sala wakamjadili Najibu. Agnetha, mhazini wetu, alisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba wenzetu wale watoto wanawaachia mno. Mwingine akasema kikulacho ki nguoni mwako, tuwaangalie marafiki wa watoto wetu. Wakamsifu Rwekaza kwa kumpeleka Avit shamba mapema. Rwekaza aliitikia kwa kichwa. Nikaenda kuongeza chai.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imepungua. Nimekosea kukata mkono wa blauzi, nimetupa kitambaa.

Jumamosi, 24 Mei

Nilikwenda Kitendaguro kupeleka mashuka ya mteja. Pale pikipiki zinapooshwa nikamkuta Najibu na ndoo. Baba yake, Shaban, ni dereva wa lori. Aliporudi safari na kusikia habari alimchapa mpaka mkanda ukakatika, kisha akamleta pale. Kwa maneno ya Shaban, asiyetaka kalamu apewe brashi.

Najibu alifuta mikono kwenye fulana kabla ya kunisogelea.

"Shikamoo, mama Avit."

"Marahaba, mwanangu."

"Avit amepona?"

Mkono wake wa kulia ulikuwa umechubuka kwenye viungo vya vidole kwa sabuni. Nikamwambia anaendelea vizuri. Akasema nimsalimie sana. Nikasema nitamsalimia. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba mashuka bado ninayo mkononi.

Jumapili, 25 Mei

Misa. Ndizi kwa maharage. Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, 31 Mei

Jua. Ma Gaudiosa amepiga simu kusema kahawa ya kwanza imeanikwa na mjukuu wake ni mchapakazi, mtulivu, hana maneno. Rwekaza alinipa simu ili nisikie mwenyewe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nilikuwa na hakika mwaka huu pilau haitakuja. Saa saba mchana binti mdogo wa Mwamvita, Salma, akabisha hodi na sinia limefunikwa kawa, kama kila mwaka. "Mama anasema Idi njema, na sinia asirudishiwe leo, hana haraka nalo."

Rwekaza alikula, akasifu viungo. Mimi nilikaa nalitazama sinia. Nikajilazimisha matonge matatu. Niliona aibu, nikafurahi kuiona, kwa sababu tangu mwezi wa tano sikuwa nimeona kitu chochote.

Jumamosi, 14 Juni

Niko Nshamba. Shule zimefungwa tangu wiki iliyopita, nikasema nije nimtazame mwenyewe.

Ma Gaudiosa alinipokea na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, ile ya kuchemsha na majani yenye harufu. Kaniambia nimekonda. Avit hajakonda. Anakula kwa watu wawili, anacheka taratibu, na macho yake ni mekundu. "Ni moshi wa jikoni," bibi yake akasema.

Mchana nilikwenda nyuma ya jiko kumwaga maganda ya ndizi. Kati ya migomba na mibuni, mahali ambapo jua linapenya, palikuwa na mashina matatu yanayonipita urefu. Nimekuwa mke wa nyumba hii miaka kumi na minane. Nimemwaga maganda pale mara ngapi sijui, na sikumbuki kama niliwahi kuyatazama. Leo nilichuma jani nikalinusa. Ilikuwa harufu ile ile ya pindo.

"Mama," nikamuuliza, "hii ni nini?"

"Ah, hiyo? Dawa ya kuku." Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata kichwa. "Kideri kikija unatwanga majani, unatia kwenye maji yao ya kunywa. Marehemu mume wangu ndiye aliyeotesha. Kuku wa majirani wanakwisha, wangu wanabaki. Avit anaijua vizuri, ndiye mchumaji wangu tangu yuko mdogo."

"Mama, hii ni bangi."

Kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

"Bangi ni ya wahuni wa mjini, waitu, mwanangu. Hii ni ya kuku."

Nilikaa juu ya kinu kilicholazwa. Tulimtoa mtoto Bukoba kumkimbiza na moto, tukampeleka pale kuni zinapokatwa. Na tulimlipia nauli.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nilimwambia Avit twende tukachume. Kahawa ni kazi nzuri ya kuongea, mikono ina shughuli na mtu halazimiki kutazamwa usoni. Kila mmoja alishika tawi lake.

"Ulianza lini?"

"Darasa la saba, likizo. Vijana wa hapa senta waliniambia dawa ya bibi ni kitu gani."

"Na shuleni, aliyepeleka ni nani?"

Alichuma tawi zima kabla ya kujibu. "Mimi. Najibu nilimpa. Na pindo lake nilimshonea mimi, yeye angejichoma." Akashika tawi jingine. "Hajanitaja?"

"Hajakutaja."

"Baba alinipigia simu akaniambia nikifungua mdomo nisimwite baba tena."

Nilikuwa sijui hilo. Nikamuuliza kwa nini anavuta. Nilitegemea aniambie "marafiki", au "sijui". Alifikiri.

"Inanyamazisha, mama."

"Inanyamazisha nini?"

"Kila kitu. Hesabu. Baba akiniangalia. Kila kitu kinakuwa mbali."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimefika huko huko mbali bila kuvuta chochote, na hakuna mtu huko. Nikasema tu aangalie asichume mbichi. Tulijaza debe moja na nusu.

Alipolibeba debe begani akasema, bila kugeuka, "Ningesema mwenyewe kama ningeruhusiwa."

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi. Nimemwambia Rwekaza kuhusu mashina matatu.

"Nimekua nikiyaona," akasema.

"Ulijua ni nini?"

Alivua viatu, akavipanga pembeni ya mlango, akavipanga tena.

"Ilikuwa dawa ya kuku, Jovita," akasema polepole, kama mtu anayejisomea barua. Siku zote nilimhesabu kuwa mgumu. Leo niliona kwamba ni mwoga, na nilishangaa kuona hilo halinikasirishi.

Jumapili, 22 Juni

Jana Rwekaza alikwenda Nshamba, akayang'oa yote, akayatumbukiza kwenye shimo la choo. Amerudi na Avit. Udongo bado uko kwenye kucha zake. Anasema mama yake hakumsemesha, alisimama mlangoni tu na kikapu chake cha kahawa.

"Basi, imekwisha," akaniambia. "Mzizi hakuna. Hakuna cha kumwambia mtu."

"Na Najibu?"

"Najibu alikutwa nayo. Tukisema, Avit atafukuzwa na mama atafungwa. Sheria ya kulima unaijua? Atafia gerezani."

Nikaenda kumtengea Avit maji ya kuoga.

Jumanne, 24 Juni

Jua kali. Avit anatetemeka mikono na halali vizuri. Anaipiga pasi kila nguo ninayoshona, hata isiyohitaji.

Jumamosi, 28 Juni

Kideri kimeingia Nshamba. Kuku kumi na mmoja wa Ma Gaudiosa wamekufa kwa siku nne. Kwenye simu hakulaumu mtu. Alitutajia tu rangi ya kila mmoja.

Alhamisi, 3 Julai

Hakuna kitu.

Jumanne, 8 Julai

Shule zimefunguliwa. Rwekaza anataka Avit angoje mpaka bodi imalize ya Najibu siku ya Ijumaa, halafu Jumatatu aende, "amepona". Akaniambia nimshushie pindo la suruali, kwa sababu amerefuka.

Nikafungua mbele ya daftari kutafuta kipimo cha Januari. Ukurasa ule una majina mawili. Avit, kiuno 27, urefu 39. Najibu, kiuno 28, urefu 39. Niliwapima siku moja, wamesimama mgongo kwa mgongo wakibishana nani mrefu, na mimi nikawaambia wako sawa.

Suruali sikuishusha.

Jumatano, 9 Julai

Nilikwenda kwa Mwamvita asubuhi. Nilichukua sinia lake, na ndani yake nikaweka kahawa ya kutafuna kutoka Nshamba, maana mtu harudishi chombo kitupu. Alikuwa kwenye mkeka barazani anachambua mchele. Nikakaa. Sikuzunguka.

"Ule mshono ni wa Avit. Niliujua siku ile ile. Bangi ilitoka kwetu, aliyeipeleka shuleni ni yeye, na Najibu alipewa tu. Homa ya matumbo haikuwepo. Nimekuja kukwambia kabla sijawaambia bodi."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa, akatoa jingine.

"Mwaka jana vifungo vya baibui langu vilikatika," akasema. "Avit alinishonea, amekaa hapo hapo ulipokaa wewe. Kwa mkono wa kushoto."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nikashika ukingo wa mkeka.

"Ulijua?"

"Shule mliwaambia ni mgonjwa, mimi ukaniambia anachuma kahawa. Najibu kila siku ananiuliza kama rafiki yake amepona, mimi namjibu nini? Nilijua, Mama Avit. Kwani unadhani kwa nini nilikuletea wewe ile suruali?"

"Mbona hukusema shuleni?"

"Ningesema mimi, ningekuwa mama anayemsingizia mtoto wa mwenzake ili wake apone. Ukisema wewe, ni ushahidi." Alipuliza pumba. "Na nilitaka useme wewe. Nilingoja siku ile. Nikangoja Idi. Baada ya Idi nikaacha kungoja, nikawa nampaka Najibu mafuta mikononi tu kila jioni."

Nililia. Tangu mwezi wa tano nilikuwa sijalia. Hakunibembeleza, na hakuniambia niondoke. Alinisogezea upande mmoja wa ungo, nikachambua.

Rwekaza nimemwambia mchana. "Utamfunga mama yangu," akasema. Nikamwambia sitamtaja, lakini mtoto wangu nitamtaja. Akavaa viatu, akatoka.

Ijumaa, 11 Julai

Tulikwenda mimi, Avit na Mwamvita. Shaban alikuwa safarini. Najibu alikaa mwisho wa benchi amevaa suruali ya baba yake.

Mwenyekiti wa bodi, Mzee Gozbert, alishangaa kuniona. Nikaeleza. Suruali ilikuwa mezani. Mwalimu mmoja akasema mama anaweza kutunga lolote, mshono ni mshono tu. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, karibu yote. Nilifungua pochi, nikatoa sindano yenye uzi na kipande cha kitambaa cha kaki. Kabla sijanena neno Avit alisimama, akavichukua mkononi mwangu, akashona. Mshono ulilala upande ule ule. Wakaweka kitambaa kando ya pindo na wakapitisha mkono kwa mkono mpaka mwisho wa meza.

"Ilitoka wapi?" akauliza mzee.

Nilichukua sindano, nikairudisha kwenye pochi. Ahadi ni ahadi.

"Nyumbani kwetu." Ilikuwa sauti ya Rwekaza. Amesimama mlangoni na shati lake la kanisani, sijui tangu saa ngapi. "Imeng'olewa. Nimeing'oa kwa mikono yangu. Mtoto alitaka kusema tangu mwanzo, mimi ndiye niliyemkataza."

Mzee Gozbert aliandika. Nyumbani wapi, hakuuliza. Nadhani na yeye alikulia kwenye kuku na dawa yao.

Najibu atarudi Jumatatu, na adhabu ya kufyeka majani. Avit atakaa nje mpaka Januari, arudie kidato cha tatu, na kila mwezi tulete karatasi ya mshauri wa hospitali. Walisema wangemfukuza kabisa kama asingeshika sindano mwenyewe. Pale nje Najibu alimpiga Avit kofi la kisogoni, si la utani sana. Kisha wakasimama pamoja kando ya ukuta.

Jumapili, 13 Julai

Rwekaza amejiuzulu uenyekiti wa jumuiya. Agnetha hakunisalimia. Jioni Mwamvita alikuja na mfuko ule ule wa plastiki.

"Sijakusamehe," akasema. "Nimeleta suruali. Kesho anakwenda shule na imemfupia. Ishushe pindo."

Mguu mmoja shule walikuwa wameshaufumua, nikafumua wa pili. Uzi wa Avit na uzi wangu wa Januari vikatoka pamoja. Nilimpa Avit apige pasi. Alikandamiza kweli kweli, lakini mstari wa pindo la zamani haukutoka. Mwamvita akasema uache ulivyo.

Alipoondoka niligeuza daftari mbele nikaandika: Najibu, urefu 41. Chini yake nikaandika jina la Avit, nikamwita aje. Akasema sare hana kazi nayo mpaka Januari. Nikamwambia aje tu.

Alisimama wima, mikono pembeni, nikashusha utepe toka kiunoni hadi kifundoni. Amerefuka inchi mbili na nusu. Nimekuwa nikimtazama msimu mzima na sikuwa nimeona.